Mama Nani

9 Julai

Mama yangu mpenzi,

Najua ukifungua bahasha hii kitu cha kwanza unachotafuta ni kama nimekula. Nimekula, nimeshiba, nimelala, sina homa. Ulisema kwenye simu ya dukani tunapigiana kelele tu na mtaa mzima unasikia, basi hii hapa barua. Soma polepole na usimsomee jirani.

Nimefika salama. Mratibu wa wanafunzi, mwanamke mwenye funguo nyingi kiunoni, alinipokea kituoni akanileta moja kwa moja kwenye nyumba hii. Utaratibu wao ni kwamba kila anayekuja kwa mazoezi ya kufundisha akae kwanza na familia, azoee lugha na watu, ndipo akabidhiwe darasa. Familia ikimkataa na nyingine isipopatikana, anarudishwa kwao na mwaka wake unakwenda na maji. Mimi nimepangiwa kufundisha hesabu kwa watoto wadogo, kuanzia Oktoba. Kwa hiyo kazi yangu kwa sasa ni moja: kupendwa na watu wawili nisiowajua.

Wa kwanza ni mume. Anaendesha treni. Akirudi anavua viatu mlangoni, ananawa hadi kwenye viwiko, anakaa. Maneno yake ya siku nzima unaweza kuyachota kwa kijiko cha chai. Wa pili ni mke wake, fundi wa miwani. Karakana yake ni chumba cha chini, mlango unafungukia barabarani, na ana mashine ya kusagia vioo ambayo ikiwashwa vikombe vinatetemeka kabatini. Hana maneno ya ziada, lakini mkono wake ni mwema. Alinikuta nimefinya macho nikisoma, akanikalisha, akanipima, akasema macho yangu ni mazima, mbovu ni taa. Akapanda juu akaibadilisha mwenyewe.

Chumba changu kiko huko juu. Kitanda, meza, kabati, dirisha linalotazama paa la jirani. Swichi ya taa imefungwa uzi mrefu unaofika mpaka kitandani. Unauvuta tu umelala, giza linaingia. Niliwasifia sana mezani, nikawaambia wana akili ya starehe.

Sasa shida. Huku watu wanaitana majina matupu. Kijana anamwita mzee jina lake, mkwe anamwita mkwe. Fundi aliniambia jina lake akasema, "Niite hivyo." Mama, ulimi uligoma! Mwanamke wa rika lako, nimwite kama namwita mwenzangu wa bwenini? Nikawa sina cha kumwita. Nikimhitaji nakohoa. Jana mezani nilitaka chumvi, nikaona kukohoa kwa ajili ya chumvi ni ujinga, nikamwita kwa neno lao la "mama". Nililitamka vizuri kabisa, chuoni wangenipa alama zote.

Aliinuka. Akaenda jikoni akafungulia bomba, maji yakamwagika muda mrefu, na hakuwa anaosha kitu. Mume akanisogezea chumvi bila kunitazama.

Nimeboronga, lakini sijui wapi. Niambie la kufanya, huku sina wa kumuuliza.

Mwanao,
Kiroboto

*

20 Julai

Kiroboto wangu,

Barua yako nimeisoma nikiwa kwenye cherehani, na sindano ikanipitia kwenye kidole. Ukiona mwandiko umelala upande, ujue sababu.

Usinitie wasiwasi kwa ajili ya bomba la maji. Mtu akienda jikoni, ameenda jikoni. Wewe tangu utotoni ukiona mtu kanyamaza unadhani umekosa wewe. Kumwita mwanamke mama tangu lini ikawa kosa? Mimi hapa nani haniiti mama? Muuza mkaa ananiita mama, na mvi zake ni nyingi kuliko zangu. Kaza. Mwite asubuhi, mwite jioni, mpaka azoee. Ukiacha sasa atadhani ulikuwa unamtania. Nimekulea kwa adabu, usiende kuiacha kwenye ngazi za watu.

Kazi ipo. Mwalimu mkuu wako wa zamani ameleta tena suruali ipanuliwe kiunoni. Nimemwambia kitambaa kimekwisha, sasa zamu ya kupungua ni yake. Mtaa mzima wanakusalimu. Nikitoka tu, "Mama Kiroboto, mtoto kafika?" "Mama Kiroboto, anakula nini huko?" Nawajibu mpaka koo linakauka.

Nikuulize kitu cha kipumbavu. Ulipomwita mama yule, ulisikia utamu wowote mdomoni? Usinijibu. Ni kidole kinaniuma, ndiyo maana naandika ovyo.

Mama yako

*

4 Agosti

Mama,

Nilikaza kama ulivyosema. Nilimwita asubuhi na jioni. Nilimwita kutoka juu ya ngazi, nilimwita hata pasipokuwa na haja. Kila mara alisimama kidogo, kama mtu aliyejikwaa, kisha akaendelea na lake. Nikadhani anazoea. Jumanne niliingia karakana na kikombe nikamwambia, "Mama, chai." Kioo alichokuwa anakisaga kikamponyoka kikavunjika. Akazima mashine, akasema kwa sauti ndogo sana, "Tafadhali. Usiniite hivyo tena."

Kesho yake mratibu akaniita. Mwenyeji wangu ameomba nihamishwe. Hakusema nimekosa nini, amesema tu hawezi. Familia nyingine haipo. Nina muda hadi mwisho wa Septemba. Mambo yakibaki hivi, narudi nyumbani bila kutia mguu katika darasa hata moja.

Jioni mume alinikuta nimekaa kwenye ngazi. Akakaa ngazi ya chini yangu, amenipa mgongo, akasema maneno mengi kuliko yote tangu nije. Walikuwa na binti, huyo huyo mmoja. Aliugua muda mrefu, akafa mwaka juzi, katika chumba ninacholala. Uzi wa taa aliufunga baba yake, binti aliposhindwa kuinuka kuizima. Nami nilikaa mezani kwao nikausifia, Mama! Nikasema starehe!

Akaniambia mke wake alikubali kupokea mwanafunzi ili nyumba isikie tena miguu inapanda ngazi. Miguu ameiweza. Lile neno hakuliweza, kwa sababu aliyekuwa analisema alikuwa mmoja tu.

Simlaumu. Nimekuwa nikimwita kila siku kwa neno la marehemu. Lakini nakuuliza wewe uliyenifundisha kuita watu: sasa nimwite nani? Nikilitaja jina lake tupu naona kama namwadhibu. Nikinyamaza naona kama namkwepa. Nijibu upesi, maji yamenifika shingoni.

Kiroboto

*

2 Septemba

Mama,

Hujajibu. Nilipiga simu dukani, mwenye duka akasema, "Mama Kiroboto yupo, nimemwona leo, lakini anasema hawezi kuja kwenye simu." Hawezi kivipi? Unaumwa? Ungekuwa unaumwa angeniambia, yule hana siri.

Hapa tunapishana kama wageni wa hoteli. Fundi naye anajitahidi: ananiwekea chakula, ananifulia shuka, haniangalii. Sanduku langu liko wazi sakafuni, nusu ya nguo ndani, nusu nje. Nimeandaa masomo ya mwezi mzima kwa watoto ambao huenda nisiwaone.

Naandika nikiwa na hasira nawe. Wewe ndiye uliyesema nikaze.

Kiroboto

*

6 Septemba

Kwa fundi wa miwani, mwenyeji wa binti yangu,

Sijui lugha yako, kwa hiyo anayekusomea ni yeye. Kiroboto, nisikilize kwanza wewe. Mweleze kwa lugha yake, mstari kwa mstari, usiruke na usipambe. Ukifika mahali pa kushtuka usisimame. Utashtuka baadaye.

Mwenzangu, pole. Pole hii imekaa kwenye meza yangu wiki tatu. Kila nikianza kuandika nachana karatasi.

Kosa la kwanza la binti yangu lilikuwa adabu tu. Kwetu mtu mzima haitwi jina tupu, na mwanamke wa rika la kukuzaa ni mama. Kosa la kurudia ni langu, mimi nilimwambia akaze. Nisamehe, sikujua. Ila nilipojua, nilijua kuliko mtu yeyote wa hapa.

Nami nilikuwa na mtoto kabla ya huyu.

Kiroboto, endelea kusoma.

Alikuwa mvulana. Alizaliwa mnene, mikono ina mikunjo kama amevaa bangili za nyama, tukamwita Kibonge. Ukimketisha mahali ulimkuta pale pale. Kwetu mwanamke akishazaa, jina lake linawekwa kando. Anaitwa kwa mtoto wake wa kwanza. Nikawa Mama Kibonge. Nilikuwa bado msichana, na jina hilo lilinivimbisha kichwa. Wakiniita nilijifanya sijasikia ili waniite tena.

Akaugua akiwa ndiyo kwanza anajifunza kuunga maneno. Akakonda. Alikonda mpaka jina likawa kama dhihaka, na watu wakaona haya kunitamkia. Akafa nimempakata.

Baada ya hapo hawakujua waniite nani. Jina langu lilikuwa na mtoto ndani yake, wakaogopa kuligusa. Wakawa wanasema "wewe", wanasema "jirani", wanasema "fundi". Wengine walikuwa wakinihitaji wanakohoa. Kisha akazaliwa huyu anayekusomea, mateke matupu, hatulii mikononi. Mkunga akacheka akasema, "Huyu ni kiroboto! Haya, hongera, Mama Kiroboto." Mtaa mzima ukashusha pumzi. Hawakuwa na ubaya, walinihurumia. Marehemu baba yake akaomba tuliache hivyo, na mtoto asiambiwe, asije akakua akijiona ameletwa kuziba pengo. Nikakubali.

Nakwambia wewe nisilowahi kumwambia mtu. Kila wakiita Mama Kiroboto naitika kwa moyo wote, maana nampenda kuliko macho yangu. Na kila nikiitika naona nimemfungia yule mwingine nje.

Kwa hiyo niliposoma kwamba yupo mwanamke ambaye neno moja linamfanya aangushe kioo, nililia mpaka wateja wakaondoka na nguo zao ambazo hazijaisha. Sikulia kwa sababu binti yangu anafukuzwa. Nililia kwa wivu. Neno lako bado lina mwenyewe. Langu lilishagawiwa.

Sikuombi umruhusu akuite mama. Usimruhusu. Nakuomba umwache amalize mafunzo yake, maana hana mahali pengine, na miguu yake kwenye ngazi haijakukosea. Kama unataka awe na cha kukuita, ungekuwa kwetu ungeitwa kwa binti yako mpaka siku yako ya mwisho. Mama wa yule, yeye na si mwingine. Anayekuita hivyo hakai kwenye nafasi yake, anamtaja. Kama nalo hulitaki, basi akohoe. Ameshazoea.

Kiroboto, sasa unaweza kusimama.

Mimi,
Mama Kibonge

*

20 Septemba

Mama,

Sikuweza kungoja ruhusa. Nilisimama pale pale. Tulikuwa mezani watatu, nikasoma kwamba ulikuwa na mtoto kabla yangu, nikajikuta nimesimama. Fundi akauliza, "Anasema nini?" Nikamwambia, "Anasema niendelee." Akasema, "Basi endelea," akanishika mkono akanikalisha, na hakuuachia mpaka mwisho.

Nina kaka. Nilikuwa na kaka. Mwalimu mzima, nashindwa kuchagua.

Kwa nini hukuniambia? Nimeupitia utoto wangu wote upya. Nakumbuka zile siku ulizokuwa unafunika cherehani mchana kweupe ukisema mgongo unauma, nami nikawa naruka kama nyani ili ucheke. Nakumbuka nikicheza chini ya cherehani ulivyonitoa kwa ukali, "Toka huko chini!", nikadhani unaogopa nisichomwe na sindano. Nina hasira, Mama, na sitaki kuificha. Umelia peke yako ndani ya nyumba niliyokuwa ninaishi. Ningekaa nawe. Nilikuwa mtoto, lakini kukaa kimya karibu na mtu ningeweza.

Nilipomaliza kusoma, fundi hakulia. Aliniuliza jina lako linavyotamkwa. Akajaribu, "Mama Kibonge," akakosea, akajaribu tena mpaka likamkaa. Kisha akauliza, "Na mimi ningeitwa nani?" Nikamuuliza binti walimwita nani nyumbani. Mume ndiye aliyejibu: walimwita kwa neno lao la kengele, kwa sababu akicheka huko juu alisikika mpaka karakana, juu ya kelele za mashine. Nikasema, "Basi wewe ni Mama Kengele."

Mume akatoka nje. Fundi akaniambia, "Sema tena." Nikasema. "Tena." Nilisema mpaka sauti ikanikauka. Ndipo akalia, Mama, mdomo wazi kama wanavyolia watoto, bila kuinuka mezani.

Jumatatu alimpigia simu mratibu akamwambia nabaki. Usidhani mambo sasa ni matamu. Siku nyingine nikimwita anaitika. Siku nyingine ananyoosha kiganja, maana yake leo asiitwe, nami naacha. Jana aliingia chumbani kwangu kwa mara ya kwanza tangu ile ya taa, akasimama, akaushika ule uzi, akatoka. Nimeurudishia pale pale ulipokuwa unaning'inia.

Bahasha hii ameiandika yeye kwa mkono wake, na amekataa kuandika jina ambalo posta wanalijua. Nimemwambia watachanganyikiwa. Akasema wachanganyikiwe.

Mwezi ujao naingia darasani. Tafadhali, niandikie habari zake. Sijui hata alikuwa anasema nini.

Mwanao wa pili,
Kiroboto

*

3 Oktoba

Kiroboto,

Umeuliza alikuwa anasema nini. Yalikuwa machache. Alisema "maji", alisema "baba", alisema "sitaki" kuliko yote mengine. Sentensi yake moja iliyokamilika ilikuwa, "Mama, piga tena." Alipenda mlio wa cherehani. Nikisimama kuvuta uzi ananigonga goti huko chini, piga tena. Nawe ulipokua kidogo ukaenda ukakaa pale pale, nikakutoa kwa ukali. Sikujua ningekuelezaje. Hasira yako ni halali, nimeipokea, kaa nayo mpaka itakapoisha yenyewe.

Sasa nikueleze ya leo. Nilikwenda posta kuulizia barua, maana niliona siku zake zimefika. Foleni ilikuwa ndefu. Karani ni yule kijana mgeni. Akaniambia, "Hamna kitu, Mama Kiroboto. Kutoka nje imekuja moja tu, na ni ya mtu tusiyemjua, tunairudisha." Nikasema nione. Akainua bahasha nyuma ya kioo. Mwandiko wa kigeni, herufi zimesimama moja moja kama zimepimwa kwa rula. Sikuwahi kuliona jina lile limeandikwa mahali popote kwa mkono usio wangu. Lilikuwa la midomoni tu, na midomo iliyolijua imepungua.

Karani akainua kichwa akaiuliza foleni, "Jamani, Mama Kibonge ni nani? Kuna anayemjua?" Mle ndani walikuwamo wawili watatu wa zamani. Mkunga aliyekuzalisha alikuwa nyuma yangu, anatafuta kitu kwenye mkoba wake ambacho hakikuwamo. Ningeweza kusema mwandishi amekosea, nikaichukua nikaenda zangu, na hakuna ambaye angenilaumu. Nikasema, "Ni mimi."

Hakusikia. "Ni wewe nani?"

"Ni mimi Mama Kibonge."

Akacheka, unajua nilivyo ufito. Akauliza, "Na huyo Kibonge mwenyewe yuko wapi?"

Nikamwambia, "Alikufa. Ni mwanangu wa kwanza."

Akaacha kucheka. Akasimama, akanipa barua kwa mikono miwili. Hakuna aliyesogea kwenye foleni. Ndipo mkunga akanigusa bega akasema, kwa sauti ambayo wote waliisikia, "Pole, Mama Kibonge."

Nikaitika.

Mama yenu